Kijana wenu ana uraibu na akili haijatulia: jinsi ya kumtafutia matibabu

Familia nyingi huanza kwa kuulizia kituo chenye nafasi. Anzeni na tathmini ya daktari. Kijana anayetumia dawa za kulevya huku amezama kwenye sonona (huzuni nzito isiyoondoka), hofu au hasira zisizoisha ana magonjwa mawili yanayolishana. Akitibiwa uraibu peke yake, atarudi nyumbani hajatumia kwa wiki kadhaa, lakini yale maumivu aliyokuwa akiyatuliza yatakuwa yanamsubiri.

Kabla ya kumwona daktari, andikeni: anatumia nini, kiasi gani, anavuta, anameza au anajidunga, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Ongezeni dawa za hospitali anazotumia, kama amewahi kupata kifafa, kujijeruhi au kusikia sauti, na kama kuna ugonjwa wa akili kwenye ukoo. Lililo muhimu zaidi ni kipi kilitangulia. Huzuni iliyokuwepo kabla hajaonja chochote, au iliyobaki hata miezi aliyoacha, inamwambia daktari kwamba haitaisha yenyewe pombe ikitoka mwilini.

Msimfungie ndani ili aache kwa nguvu. Kwa pombe na vidonge vya kutuliza na usingizi vya jamii ya diazepamu, kuacha ghafla kunaweza kuua. Mtu aliyezoea pombe nyingi huanza kutetemeka na kutoka jasho saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48, na kuweweseka kati ya siku ya 2 na ya 4. Huyo ni wa hospitali, na apewe vitamini B1 mapema, kwa sababu upungufu wake huharibu ubongo. Vidonge hivyo vya kutuliza hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki, pengine miezi.

Heroini ina hatari ya namna nyingine. Arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya 2 na ya 3, kisha hulegea ndani ya siku 10 hivi. Inatesa, lakini ni nadra kuua, isipokuwa kutapika na kuharisha vikimkausha maji. Kifo kinavizia baadaye: mwili umeshasahau kile kiasi, naye akikirudia pumzi inakata. Kwa hiyo kumaliza arosto si kupona. Methadoni na buprenofini, dawa ambazo daktari humpa mtu badala ya heroini, zilizomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, humpunguzia sana hatari hiyo. Wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi wanakosea, na kosa hilo linagharimu maisha. Ila buprenofini isianzwe kabla arosto haijajitokeza wazi, maana itaichochea ghafla.

Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpi wazo. Humpa mlango wa kusema. Akisema ndiyo na ana mpango, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na vidonge, sumu na silaha viondolewe nyumbani.

Mkifika kituoni, ulizeni: kina kibali? Usiku nani anashughulikia degedege? Daktari wa magonjwa ya akili anakuja mara ngapi? Walio chini ya miaka 18 wanalala mbali na watu wazima? Familia inashirikishwaje? Wakimkataza dawa za akili alizoandikiwa, au mkiona minyororo na viboko, ondokeni naye. Ahadi ya kupona kwa siku chache pia ni ya kuogopa; matibabu yanayoshika huhitaji angalau miezi 3, hata kama mengi yake atayapata akiwa anatokea nyumbani.

Akikataa kwenda, zungumzeni naye akiwa hajalewa, mtu mmoja anayemwamini, kwa jambo moja tu: miadi ya kesho saa fulani, na nani atamsindikiza. Kikao cha ukoo mzima humfanya ajitetee. Akiendelea kukataa, nendeni nyinyi kwa mshauri nasaha. Kwa kijana, familia ikibadilika na yeye huanza kusogea.

Akianzishiwa dawa za sonona, nafuu huchukua wiki kadhaa. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji jicho la karibu kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Asiziache ghafla.

Asitoke kituoni bila tarehe ya kliniki ndani ya siku 7. Akirudia kutumia, rudini kwa daktari bila kumfukuza. Kama alikuwa anatumia heroini, ombeni naloksoni, dawa inayozuia heroini isimkate pumzi, ikae nyumbani na kila mtu ajue kuitumia. Mkimkuta haamki, anapumua polepole au anakoroma kwa kukwama, midomo imegeuka rangi na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, iteni msaada, mpeni naloksoni, mpulizieni pumzi ikiwa hapumui, na akianza kupumua mlazeni ubavu. Msimwache hata akiamka: naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini inaweza kumzidi tena.