Somo: Jinsi ya kuandaa mtaala wa watoto wenye mahitaji maalumu, hatua kwa hatua

Wakuu habari za muda huu. Naleta hili somo kwa walimu, wazazi na yeyote anayekaa na mtoto mwenye mahitaji maalumu, maana kila nikipitia mipango ya kufundishia wanayoandaliwa hawa watoto naona kitu kilekile, mtu amechukua mtaala wa darasa la kawaida akakata nusu, akapunguza mada tatu nne, akaweka picha kidogo, halafu juu akaandika "mtaala wa mahitaji maalumu". Huo ni mtaala uliokatwa mkia. Mtaala wa mtoto huyu unaanzia kwa mtoto mwenyewe, alipo leo, na unajengwa kutoka hapo.

Mwaka 1949 Ralph Tyler, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliwawekea watu wa mitaala maswali manne: tunataka wajifunze nini, wapitie nini ili wajifunze, tuvipange vipi, na tutajuaje wamejifunza. Yaweke akilini hayo maswali manne kwa sababu hatua zote hapa chini zinayajibu, ila tunamjibia mtoto mmoja mmoja.

HATUA YA 1: Mjue mtoto

Hapa msikimbie jamani. Watu wengi wakishapata karatasi ya daktari iliyoandikwa usonji (autism) au Down (Down syndrome) wanaona kazi imeisha, kumbe ile karatasi inakuambia jina la hali tu, haikuambii Jumatatu asubuhi umfundishe nini. Watoto wawili wote wana Down, yaani wote wana kromosomu ya 21 (kibeba urithi ndani ya seli) iliyozidi, lakini mmoja anasoma sentensi fupi na mwingine bado hajaanza kutamka maneno, sasa utawapa mpango mmoja kweli?

Anza na masikio na macho. Watoto wenye Down wengi wanapata majimaji kwenye sikio la kati na usikivu unapungua, halafu mwalimu anasema mtoto ni mbishi hafuati maelekezo, wakati hakusikia. Kwahiyo apimwe kwanza.

Halafu mwangalie kwa siku kadhaa, darasani, kwenye michezo, anapokula, anapoudhiwa, anapotaka kitu na hajui kukisema. Muulize mzazi au mlezi, huyo ndiye anajua mtoto anafanya nini pale wewe hupo. Chora safu tatu kwenye daftari: anachoweza peke yake, anachoweza akisaidiwa kidogo, na ambacho bado kabisa. Mtaala wako unaanzia safu ya katikati. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, aliliona hili zamani, kwamba kujifunza kunatokea pale mtoto anapoweza akiwa na mtu wa kumshika mkono. Ukifundisha safu ya kwanza unampotezea muda, ya tatu unamkatisha tamaa.

HATUA YA 2: Amua anaenda wapi

Kaeni na mzazi mjiulize, ukipita mwaka mmoja ni kitu gani akikiweza maisha yake yatabadilika? Angalieni mawasiliano, kujihudumia, kusoma na kuandika na hesabu, kuishi na wenzake, mwendo wa mwili, na kwa wakubwa maandalizi ya kazi.

Halafu amueni kwa kila somo, anabaki na maudhui yaleyale ila njia inabadilika, au maudhui yaleyale kwa kina kidogo, au maudhui tofauti kabisa ya stadi za maisha. Nasema kwa kila somo kwa sababu mtoto anaweza kuwa sawa na wenzake kabisa kwenye hesabu na akahitaji njia nyingine kwenye kusoma.

Na hapa naomba tuelewane vizuri. Mtoto kiziwi au asiyeona, kama hana shida nyingine, hapunguziwi maudhui hata kidogo. Asiyeona anahitaji nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa kugusa) na kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe, kiziwi anahitaji lugha ya alama mapema kadiri inavyowezekana, lakini sayansi ni ileile na historia ni ileile. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka, lugha ya alama iondolewe darasani, na uamuzi ule uliwaumiza watoto vizazi na vizazi, mpaka mkutano kama huohuo uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010 ndio ukayakataa rasmi yale maazimio. Miaka 130! Ndio maana nasisitiza, usimpangie mtoto kwa kuangalia kinachokurahisishia wewe mwalimu.

HATUA YA 3: Andika malengo yanayoonekana

"Mtoto ataelewa namba" hilo siyo lengo, utamwonaje akielewa? Andika hivi: "Akiwekewa vizibo 10 mezani na kuambiwa nipe vinne, atatoa vinne bila msaada, mara 4 kati ya 5, kwa siku tatu mfululizo." Hapo hata mwalimu mwingine akishika daftari lako anajua afanye nini na aangalie nini. Malengo matatu mpaka matano kwa muhula yanatosha, ukiandika ishirini hakuna hata moja litakalofuatiliwa.

HATUA YA 4: Vunjavunja

Hii ndiyo roho ya kazi yetu. Chukua kunawa mikono. Wewe unaona ni kitu kimoja, kwa mtoto ni msururu: fungua bomba, lowanisha mikono, chukua sabuni, sugua viganja, sugua migongo ya mikono, pitisha katikati ya vidole, suuza, funga bomba, chukua taulo, futa. Usiiandike hii orodha ukiwa umekaa ofisini, nenda bombani unawe mwenyewe huku unaandika, utashangaa vitu ulivyoviruka.

Sasa wengi wanaanza kufundisha hatua ya kwanza. Jaribu kuanzia mwisho. Msaidie hatua zote mpaka taulo, halafu kufuta afute mwenyewe, umsifie hapohapo. Akishaiweza hiyo unamwachia na kuchukua taulo, kisha kufunga bomba, unarudi nyuma hivyohivyo mpaka siku anafungua bomba mwenyewe. Faida yake ni kwamba kila mara anamaliza kazi kwa mkono wake, kila mara anaonja kufaulu, hakuna siku anaachia katikati.

Na msaada una ngazi: kumshika mkono, kumwonyesha kwa vitendo, kumwelekezea kidole, kumwambia kwa maneno, mwisho kunyamaza na kusubiri. Kusubiri ndiko kunakotushinda. Ukitoa agizo hesabu moyoni polepole mpaka kumi kabla hujarudia, wapo watoto ambao agizo ndiyo kwanza linafika wakati wewe unalirudia mara ya tatu kwa sauti ya juu.

HATUA YA 5: Mazingira na ratiba

Fupi tu hapa. Ratiba ya picha ukutani au mezani, kila kitu kikiisha anabandua picha, inasaidia sana watoto wenye usonji kwa sababu wanajua nini kinafuata. Toa njia zaidi ya moja ya kupokea somo na zaidi ya moja ya kujibu. Na malengo yasambaze siku nzima, mawasiliano siyo kipindi cha saa nne asubuhi, ni muda wa kula, wa michezo, wa kuvaa viatu.

HATUA YA 6: Pima na ubadilishe

Karatasi moja kwa kila lengo, tarehe pembeni, na herufi: P kama amefanya peke yake, M kwa maneno, K kwa kuelekezwa kidole, V kwa kuonyeshwa kwa vitendo, S kwa kushikwa mkono. Baada ya wiki mbili angalia. Kama herufi hazisogei badilisha, hatua ni kubwa mno au njia haimfai, usiandike "mtoto hana juhudi". Na akiweza shuleni ila nyumbani hawezi, bado hajajifunza, lengo linabaki wazi mpaka aweze kwenye bomba lingine na mbele ya mtu mwingine.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mwalimu shukrani kwa somo, ila mimi darasa langu ni kubwa sana na niko peke yangu, ndani yake wapo watatu wenye mahitaji maalumu, sasa hiyo mitaala mmojammoja naiandika saa ngapi?

Jibu: Pole na majukumu mwalimu mwenzangu. Huandiki mitaala mitatu. Andaa somo moja lenye ngazi, mfano sehemu za mmea, wengi wataandika kazi ya kila sehemu, mmoja atabandika majina kwenye mchoro, mwingine ukimwambia "nipe jani" atakupa jani. Mada moja, kipindi kimoja, wote wamo. Kinachobaki ni ile karatasi moja ya kila lengo, na kuijaza ni sekunde chache.

Swali: Habari, mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 9, ana usonji na haongei. Niliambiwa tusubiri kwanza aongee ndipo afundishwe kusoma, na nisimpe picha za kuonyesha maana atazembea kuongea. Ni kweli?

Jibu: Hapana mama, msisubiri. Picha, ishara au kifaa cha kuongelea havizuii mtoto kuongea, tafiti zimeliangalia sana hili na hazikuona madhara, tena baadhi yao ndipo maneno yanaanza kutoka. Upo mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa mwaka 1985 na Bondy na Frost, mtoto anakupa picha ya anachotaka na wewe unampa kitu chenyewe palepale, hapo anajifunza kwamba kuwasiliana kunaleta matokeo. Kusoma nako kuendelee sambamba, mwekee maneno chini ya zile picha zake. Kuna watoto wasioongea wanaosoma vizuri tu, ila hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kuonyesha.

Swali: Hivi si bora wakae kwenye shule zao maalumu tu, huku wanachelewesha wenzao?

Jibu: Mkuu, Tamko la Salamanca la 1994 ambalo serikali 92 zilikuwepo lilisema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kifungu cha 24 unaitambua elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja, kama haki. Ila kumkalisha nyuma ya darasa bila mpango nako siyo ujumuishi. Ukiandaa somo lenye ngazi kama nilivyomjibu mwalimu hapo juu, hakuna anayecheleweshwa, na mara nyingi ile picha uliyomwandalia mmoja inawasaidia kumi wengine waliokuwa kimya.

Swali: Kwenye mtihani tunawasaidia vipi bila kuonekana tunawapendelea?

Jibu: Angalia mtihani unapima nini. Muda wa ziada, maandishi makubwa, nukta nundu, mtu wa kumwandikia, hivyo vinabadilisha njia tu. Kumsomea maswali ya sayansi ni sawa, unapima sayansi. Kumsomea kifungu cha habari wakati unapima kusoma, hapo umeshapima kitu kingine.

Swali: Mdogo wangu ana miaka 15, ana ulemavu wa akili, mpaka leo anapewa kupaka rangi picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Mnasemaje?

Jibu: Kiwango chake cha kusoma kinaweza kuwa cha chini lakini yeye ni kijana, vitu anavyoshika mkononi viwe vya umri wake. Anataka kujifunza kupanga? Apange vifaa vya kazi au nguo zake. Kuhesabu? Ahesabu pesa halisi. Kusoma? Asome jina lake, namba ya simu ya nyumbani, maneno ya hatari, choo cha wanaume au cha wanawake. Nenda shuleni kwake kaa na mwalimu, mwombeni aondoe lengo moja la kupaka rangi aweke moja la kumwandaa na kazi, mkubaliane mtakaa tena lini kuliangalia, na yeye mwenyewe awepo kwenye hicho kikao, aulizwe anapenda kazi gani.