Kuandaa na Kutunza Shamba la Stailo katika Udongo wa Kichanga wa Tabora

Klova, mmea wa malisho, husifiwa na wafugaji wa nchi za baridi, lakini joto la Tabora halikuipenda. Kwa hiyo mbuzi na ng'ombe wangu nawapandia stailo, mmea mwingine wa jamii ya mikunde, ambao huvumilia udongo wenye tindikali na uhaba wa fosforasi, tena hauwavimbishi matumbo kama klova mbichi inavyoweza kufanya.

Hatua ya 1: Udongo. Anza Septemba, kabla ya mvua, kwa robo ekari tu. Lima kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha okota kwa mkono mizizi ya sangari na ndago, kwa kuwa kila kipande kinachobaki kitachipua. Tandaza samadi iliyooza kabisa pamoja na mbolea ya Minjingu, ambayo ni fosfeti ya mwamba unaochimbwa Manyara na huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali. Urea usiinunue: vinundu vya mizizi ya stailo hunasa naitrojeni ya hewani, na urea hiyo ingenenepesha magugu. Mvua za kwanza zikishaotesha magugu, yaparue juujuu, kisha sawazisha udongo hadi uwe laini.

Hatua ya 2: Mbegu. Ganda lake ni gumu. Changanya maji yaliyochemka na ya baridi kwa vipimo sawa, uyaache yapoe kidogo hadi takriban nyuzi 55, kisha loweka mbegu kwa dakika 25 katika chombo kilichofunikwa. Nusu kilo inatosha robo ekari; ichanganye na mchanga mkavu ili isambae sawasawa katika mistari iliyoachana sentimita 50. Mwaka wangu wa kwanza nilizifukia kama maharage, nikavuna mapengo. Udongo wa kufunika usizidi sentimita 1.

Hatua ya 3: Palizi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwani kwa miezi miwili ya mwanzo stailo hukua polepole mno na shamba huonekana kama limeshindwa. Palilia wiki ya tatu, rudia kila magugu yanapoanza kuifunika, na usiruhusu hata mbuzi mmoja kuingia.

Hatua ya 4: Kukata. Baada ya miezi minne hivi, kata ukiacha kisiki cha sentimita 20 au zaidi. Mundu ukishuka hadi chini, shina gumu hukosa macho ya kuchipua na mmea hufa. Kwa maoni yangu, mashamba mengi huuawa na mundu kuliko ukame. Walishe ukichanganya na mabingobingo. Stailo ya kuhifadhi ikaushie kivulini na uigeuze kwa upole, maana majani yenyewe, ambayo ndiyo yenye protini, hupukutika kwa urahisi.

Hatua ya 5: Moto. Stailo haistahimili moto, nasi tunaoishi kando ya miombo tunajua jinsi unavyotembea kiangazi. Mwezi Juni, fyeka na kulima mkanda wa mita 3 kuzunguka shamba lote, uuache mtupu hadi mvua zirudi.