Tuipasue 47,564,296 bila kikokotoo

Hii ndiyo idadi ya watu iliyotangazwa baada ya sensa ya Kenya ya Agosti 2019. Ina tarakimu nane na inatisha kidogo, lakini ukiwa na kalamu unaweza kuivunja hadi namba tasa zake ndani ya matatu ya Rongai, msongamano wa Barabara ya Lang'ata ukiwa mzito.

Hatua ya 1. Anza na 2. Kwa kuwa 1,000 hugawanyika kwa 8, angalia tarakimu tatu za mwisho tu: 296 ni 8 × 37. Gawanya kwa 8, unapata 5,945,537. Ni witiri, basi 2 tumemalizana nayo.

Hatua ya 2. Jumla ya tarakimu ni 38, kwa hiyo 3 haimo. 5 pia haimo.

Hatua ya 3. Hapa tukae, maana ndipo penye utamu. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba makundi ya tatu tatu kutoka kulia, kisha jumlisha na kutoa kwa zamu: 537 − 945 + 5 = −403. Sasa 403 hugawanyika kwa 13, lakini si kwa 7 wala 11. Jaribio moja limejibu maswali matatu! Gawanya kwa 13: 457,349. Rudia: 349 − 457 = −108, kwa hiyo 13 haiingii tena.

Hatua ya 4. 17 inaacha baki 15. 19 inaingia sawasawa: 24,071.

Hatua ya 5. Hii ni ya jasho. Jaribu kila namba tasa hadi 151. Ukifika 29, na tena 83, baki ni 1 tu, usikate tamaa. Hakuna inayoingia, kwa hiyo 24,071 ni tasa.

47,564,296 = 2³ × 13 × 19 × 24,071

Vigawo vyote ni 4 × 2 × 2 × 2 = 32. Ukivijumlisha bila namba yenyewe unapata 53,538,104, kiasi kinachoizidi namba yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, 403 ni 13 × 31. Mbona umeiacha 31?*
Swali zuri sana. Mbinu ile huondoa mafungu ya 1,001, kwa hiyo inaaminika kwa vigawo vya 1,001 peke yake, na 31 si mojawapo. Gawanya 5,945,537 kwa 31 uone: baki ni 16.

*Kwa nini tuishie 151?*
156 × 156 ni 24,336, tayari imepita. Kama 24,071 ingekuwa na jozi ya vigawo, kimoja kisingezidi 155, na namba tasa ya mwisho kabla ya hapo ni 151.

*Binti yangu yuko gredi ya sita. Aanze na ipi?*
Mpe ya Kaunti ya Nairobi, sensa hiyo hiyo: 4,397,073. Tarakimu zinajumlika kuwa 33, kwa hiyo 3 imo, 9 haimo. Halafu 73 − 397 + 4 = −320, inayoondoa 7, 11 na 13 kwa mpigo. Aendelee na 1,465,691 kuanzia 17, kisha atuandikie alipofika.