Dakika 25 za kazi moja: namna ya kufanya kazi kwa vipindi

Utaratibu huu ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Francesco Cirillo, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, aliyejipimia muda wa kusoma kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana kipindi kimoja huitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Mimi ni mfasiri, nami huutumia kila siku ya kazi.

Anza kwa kuandika kazi moja tu kwenye karatasi, tena yenye mpaka. "Kufasiri mkataba" hakukuambii umefika wapi, ilhali "kufasiri ibara ya 4 hadi ya 6" ni kazi utakayojua umeimaliza.

Iache simu chumba kingine. Usiitumie kupimia muda, kwa sababu kila utakapotazama dakika zilizobaki utakutana na ujumbe wa WhatsApp. Saa ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono inatosha.

Tega saa dakika 25, kisha anza. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kinachokatiza kazi mara nyingi si hodi mlangoni, bali ni wazo linalozuka kichwani mwako mwenyewe. Usibishane nalo wala usilifuate. Liandike pembeni mwa karatasi kwa neno moja au mawili, halafu urudi papo hapo kwenye sentensi uliyoiacha. Karatasi yangu ya leo asubuhi ina "luku", "ada Jumatatu" na "kumpigia shangazi", na yote matatu yalisubiri bila madhara yoyote. Kwangu mimi, pembe hiyo ya karatasi ina kazi kubwa kuliko saa yenyewe.

Mtu akija, mwombe kwa upole akusubiri umalize. Jambo lake likiwa halingojeki, mhudumie, ila kipindi hicho kimevunjika na hakihesabiwi.

Saa ikilia, acha hata kama uko katikati ya sentensi, weka alama ya X, kisha nyanyuka kwa dakika 5: kunywa maji, nyoosha mgongo, tazama mbali kupitia dirishani. Baada ya vipindi vinne, pumzika dakika 15 hadi 30, ndipo umpigie shangazi.

Ikiwa dakika 25 zinakushinda, anza na 15 kwa wiki nzima. Jioni hesabu alama za X, andika tarehe juu ya karatasi na uitunze, kwani kazi za kesho utazipanga kwa kufuata idadi hiyo.