Bibi Akisema Hapewi Maji: Namna ya Kuchunguza Malalamiko Katika Makazi ya Wazee

Nimestaafu ustawi wa jamii hapa Dodoma, lakini vijana walio kazini bado hunipigia: "Mama, tumeletewa malalamiko kutoka makazi ya wazee, tuanzie wapi?" Popote, ila msianzie ofisini kwa mfawidhi. Mkishakunywa chai yake, mmeshapangiwa cha kuona.

Andika malalamiko kwa maneno ya mlalamikaji. "Huduma mbovu" haichunguziki. "Tangu Jumapili babu hajabadilishiwa shuka" inachunguzika: ina mtu, siku na kitu. Aliyeleta habari akiwa mhudumu wa humo ndani, usimpigie simu akiwa zamu, na ukifika usimsalimie kwa jina.

Nenda bila taarifa, jioni baada ya chakula au alfajiri kabla ya zamu kubadilishana. Saa nne asubuhi kila makazi ni masafi. Ongozana na mjumbe wa baraza la wazee la kata, maana mzee humfungukia mzee mwenzake upesi kuliko mtu mwenye faili. Kama bibi anajua Kigogo tu, mkalimani atoke nje ya makazi, wala usikubali mhudumu amtafsirie. Mwamkie, mbukwa yako, yaani salamu ya Kigogo, iwe ya kweli, kaa, kisha mwulize jana ilikwendaje tangu alipoamka. Usimwulize "unatunzwa vizuri?" Atasema ndiyo, kwa sababu wewe unaondoka na yeye anabaki. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliyaweka makazi kuwa kimbilio la mwisho, familia ikishindikana. Kwa hiyo wengi waliomo, wawe kwenye makazi ya serikali kama Sukamahela kule Manyoni au ya masista, hawana mtoto wa kuja kuwasemea. Ukimya wao usiuhesabu kuwa ni kuridhika.

Mwili utazamwe kwa ridhaa na staha, pamoja na muuguzi asiye wa hapo. Angalia visigino, nyonga na chini ya mgongo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, basi papasa joto au ugumu usiofanana na pembeni. Kisha omba daftari la kumgeuza mgonjwa. Ukikuta kila baada ya saa mbili kamili, mwandiko mmoja, kalamu moja, usiku kucha, uliza aliyekuwa zamu ni nani, na umhoji peke yake.

Stoo nayo husema. Tuseme orodha ya chakula inampa kila mzee gramu 400 za unga kwa siku na wazee ni 30: hizo ni kilo 12, mfuko wa kilo 50 uishe kwa siku nne hivi. Leja ikionyesha mfuko umekaa wiki nzima, mzee anapata gramu 240 tu, hata sahani ikionekana imejaa siku uliyokuja. Angalia pia meno. Makande kwa asiye na meno ni chakula cha kwenye karatasi tu.

Sasa maji. Kuna makazi fulani bibi alidai hapewi maji, na wahudumu waliapa ndoo hujazwa kila siku. Wote walisema kweli. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, taa imeungua, na bibi alikuwa ameshaanguka njiani, hivyo mchana kutwa alijinyima maji ili usiku asiamke. Kwa hesabu yangu hilo ni kosa la makazi, hata kama ndoo imejaa. (Ukishuku upungufu wa maji, usivute ngozi ya mkono, ya mzee hulegea tu. Tazama ulimi kama umekauka.)

Ukikuta alama za kipigo, usisubiri ripoti: polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), hospitali, siku hiyohiyo. Mengine yaandike moja moja: limethibitika, halikuthibitika, au bado, na ushahidi wake pembeni.

Rudi baada ya majuma machache, tena jioni. Anza na aliyelalamika, umweleze ulichokuta, hata kama sicho alichodai. Angalia kama kitanda chake kimehamishwa, na kama wageni wake bado wanaruhusiwa. Ukikuta ameanzishiwa vidonge vya usingizi ambavyo hakuwa navyo, uliza nani aliviandika, na fungua jalada jipya.