Pikapu ya zamani inagonga: tafuta mlio wenyewe kabla hujakubali ovahoo

Hilux za zamani zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, yaani cc 2446, 2779 na 2986, bado ndizo zinazobeba mahindi, mbao na saruji kwenye barabara nyingi za Tanzania. Zinapofika gereji huja na maneno yale yale: "Fundi, injini inagonga, nimeambiwa ni beringi, nifanye ovahoo." Mara nyingi si beringi. Ni nozeli moja (kinyunyizio cha dizeli ndani ya silinda), au ni pampu ya vakyumu iliyokaa nyuma ya alteneta, au gasketi ya manifoldi inayovuja moshi. Inaniuma kuona injini nzima imefunguliwa kwa ovahoo na mwenye gari amekopa, halafu siku ya kuwasha mlio bado upo pale pale kwa sababu nozeli zilirudishwa zile zile.

Utaratibu huu ndio ninaoufuata mwenyewe kwenye dizeli za pampu ya kizamani, ile inayozungushwa na taimingi beliti (mkanda wa meno ulio ndani ya kava mbele ya injini). Mwenye pikapu ya komonreli (dizeli za kisasa zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), kama 1KD au 2KD, anaweza kuufuata pia, isipokuwa hatua ya tano, ambayo asiiguse kabisa.

Andaa spana ya 17, bisibisi ndefu ya chuma, tochi, vitambaa vikavu na geji ya tapeti (vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi wa valvu). Kabla ya kuinama chini ya boneti vua shuka, skafu na mkufu, na kunja mikono ya shati. Feni ya injini hizi inaendeshwa na mkanda, kwa hiyo injini ikiwaka tu nayo inazunguka.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua boneti

Mlio ulianza lini, na kabla yake kilifanyika nini? Jibu la swali hili linaokoa nusu ya kazi. Ulioanza baada ya kubadilisha taimingi beliti una uwezekano mkubwa wa kuwa alama hazikulingana au pampu ya dizeli imesogezwa, na hapo silinda zote nne hugonga kwa ukali unaofanana. Ulioanza baada ya kujaza mafuta mahali usipopazoea, shuku dizeli yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji wanaochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, lakini dizeli ya kwenye madumu haipiti kwenye ukaguzi huo. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli, na pampu na nozeli za injini hizi zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake.

Na kama taa ya presha ya oili iliwaka barabarani pamoja na mlio, usiwashe tena injini ili "kusikiliza kidogo". Soma hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 9.

Hatua ya 2: Oili

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa na imepewa dakika chache oili ishuke. Chomoa kijiti. Ikiwa chini ya alama, ongeza kwanza ndipo usikilize, maana tapeti hulia oili ikipungua. Ikiwa imepanda kuliko ulivyoiacha na inanuka dizeli, huenda kuna nozeli inayomwaga, na oili hiyo nyepesi inaweza kuua beringi nzima zilizokuwa hazina tatizo. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Sugua tone moja kati ya vidole kwenye jua. Weusi ni kawaida kwa dizeli. Vimeremeta vidogo si kawaida.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa imelala usiku kucha

Gari lililoletwa gereji likiwa la moto limeshapoteza nusu ya ushahidi. Mwambie mwenyewe aliache, au kama gari ni lako, amka uliwashe mwenyewe na usikilize kuanzia sekunde ya kwanza. Dizeli hizi zina makelele zikiwa baridi, hiyo ni tabia yake. Kinachotafutwa ni jinsi mlio unavyobadilika kadiri injini inavyopata joto.

Mlio mwepesi wa "tsk-tsk-tsk" unaopungua joto likipanda mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye manifoldi ya ekzosti. Chuma kinapopata moto kinatanuka na kuziba ule mwanya. Piga tochi kwenye maungio ya manifoldi na hedi: utaona doa la masizi meusi. Mlio mzito kidogo, uliofifia, unaoondoka baada ya dakika kadhaa, ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Injini ya namna hiyo imechakaa, lakini inaweza kufanya kazi muda mrefu ikitunzwa. Sioni sababu ya kuifungua kwa hilo tu kama haili oili na nguvu ipo.

Mlio unaokuja na joto ndio wa kuuogopa. Oili ikiwa baridi ni nzito na inajaza uwazi wa beringi zilizoisha. Ikipata moto inakuwa nyepesi, uwazi unabaki mtupu, na chuma kinakutana na chuma. Kwa hiyo pikapu iliyotulia asubuhi na kuanza kugonga saa sita mchana ikiwa na mzigo ni mgonjwa kuliko ile inayopiga kelele alfajiri kisha ikanyamaza.

Unaweza kurekodi kwa simu, mara moja ikiwa baridi na mara moja ikiwa ya moto, ili ulinganishe. Ila usimtumie fundi wa mbali rekodi hiyo ukitegemea akupe uamuzi. Simu inapoteza milio mizito ya chini, na hiyo ndiyo milio ya beringi.

Hatua ya 4: Ni mbele, juu, au chini?

Weka ncha ya bisibisi kwenye chuma unachokishuku na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Anza juu ya kava ya valvu, shuka kwenye nozeli moja moja, nenda kwenye pampu ya dizeli, alteneta, pampu ya maji, kisha chini kwenye bloku na karibu na sampu (bakuli la oili). Usiisogeze karibu na feni. Mlio unasikika kila mahali kwa sababu chuma kinausafirisha, kwa hiyo linganisha: mahali unapochoma sikio ndipo ulipo.

Mlio ukiwa unaelekea mbele, zima injini, ondoa mikanda ya feni, washa tena kwa muda usiozidi dakika moja. Pampu ya maji haizunguki wakati huo, usiipitishe dakika hiyo. Mlio ukiwa umeondoka, umeshaokoa fedha nyingi: tatizo liko kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda. Zungusha puli moja moja kwa mkono. Inayokwaruza au kucheza ndiyo yenye beringi mbovu.

Nikae kidogo kwenye alteneta, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Nyuma ya alteneta ya injini hizi kuna pampu ya vakyumu, ile inayovuta hewa kwa ajili ya busta ya breki. Inalainishwa na oili ya injini kupitia bomba dogo. Bomba likiziba, au vile vibamba vya ndani vikichakaa, pampu inatoa mlio mkavu wa kugonga unaofanana kabisa na wa beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti), na unaongezeka ukikanyaga mafuta. Ukiondoa mkanda unakata papo hapo, jambo ambalo konrodi haiwezi kulifanya. Usiupuuze kwa sababu tu injini imesalimika. Pampu hiyo ikifa, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na mtu anayeshuka mlima Kitonga na tani ya mahindi nyuma anaihitaji busta yake. Na gari lisitembezwe hata mita chache nje ya gereji wakati mikanda imetolewa, kwa sababu hiyo hiyo.

Mlio wa kuvuma au kulialia unaotoka ndani ya kava ya taimingi, ambao hauondoki mikanda ikitolewa, ni beringi ya tenshena. Angalia pia beliti ilibadilishwa lini. Kwa injini hizi hesabu ni kilomita 100,000, na kama dashibodi imewahi kubadilishwa usiiamini namba unayoiona. Beliti ikikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Hatua ya 5: Legeza nozeli moja baada ya nyingine

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha nozeli na beringi. Tahadhari kwanza. Kwenye komonreli presha ndani ya mabomba inaweza kuzidi baa 1,000, na dizeli ikichomoka hapo inapenya ngozi na kuingia mwilini; kidonda kama hicho kinaweza kumkatisha mtu mkono. Hata kwenye pampu ya kizamani presha ni kubwa: funika nati kwa kitambaa, vaa miwani, weka vidole mbali na tundu.

Injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), legeza nati ya bomba la nozeli ya silinda ya kwanza, upande wa feni, nusu mzunguko tu. Dizeli itavuja, silinda hiyo itaacha kuchoma, injini itamisi. Sikiliza. Kaza, nenda ya pili, hadi ya nne.

Ukilegeza na injini isibadilike hata kidogo, silinda hiyo ilikuwa imeshakufa kabla hujaigusa. Ikiwa hakuna silinda inayobadilisha ule mlio, rudi kwenye taimingi ya pampu, dizeli, au hatua ya 4. Ikiwa mlio unakata au unapungua sana kwenye silinda moja, tuseme ya tatu, umeipata silinda. Bado hujapata ugonjwa. Hapa mafundi wengi wanakimbilia kusema "nozeli" na wengine "konrodi", na wote wanabahatisha, kwa sababu konrodi iliyolegea nayo inatulia ukiiondolea nguvu ya mchomo.

Kwa hiyo badilishana. Toa nozeli ya tatu uweke kwenye ya kwanza, na ya kwanza uweke kwenye ya tatu, ukitumia washa (vipete vya kuziba) mpya, kwani za zamani zikirudishwa huvuja. Toa hewa kwenye mabomba ya dizeli, washa injini, rudia jaribio. Mlio ukihamia silinda ya kwanza, umefuata nozeli: peleka zote nne zikapimwe kwenye mashine ya nozeli. Mlio ukibaki ya tatu, sasa una haki ya kuzungumza habari za konrodi, pini au pistoni. Kazi hii inachukua asubuhi moja. Fundi akikataa kuifanya na kung'ang'ania ovahoo, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 6: Mlio wa kuzimia injini hapo hapo

Kanyaga mafuta taratibu hadi injini ichangamke, kisha achia ghafla. Konrodi hulia zaidi pale unapoachia: mlio mzito, wa chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa. Meini beringi, zile zinazoshikilia krenkshafti kwenye bloku, hulia injini ikibeba mzigo, na unausikia miguuni kabla ya masikioni. Ukisikia mojawapo na sindano ya oili iko chini, au taa inamulika sailensa, zima. Usijaribu kufika nyumbani. Beringi iliyoisha inagharimu kusaga krenkshafti na kuweka beringi mpya, lakini konrodi ikikatika inatoboa bloku, na hapo hakuna cha kusaga.

Hatua ya 7: Tapeti

Mlio wa juu, mwepesi, wa haraka, usiobadilika ukilegeza nozeli. Pima injini ikiwa baridi kabisa: kwenye 3L na 5L, valvu za hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za ekzosti 0.40 hadi 0.50. Hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (vibamba vidogo vya unene tofauti), kwa hiyo andika kipimo cha kila valvu kabla ya kwenda dukani.

Iliyolegea inapiga kelele, na unaweza kuendesha nayo wiki nzima ukitafuta shimu. Iliyobana hailii kabisa, lakini haifungi vizuri, inaungua, na kompresheni inapotea. Ndiyo maana napima zote nane hata kama inayolia ni moja.

Hatua ya 8: Milio ambayo si ya injini

Kanyaga klachi. Mlio ukija ulipokanyaga ni beringi ya klachi. Ukiondoka ni beringi ya giaboksi. Kishindo kimoja unapozima ni mauntingi iliyokatika, weka jeki na ubao chini ya injini uone kama inanyanyuka peke yake. Bati la kukinga joto lililolegea kwenye ekzosti linaweza kumtesa mtu miezi. Ligonge kwa ngumi gari likiwa baridi.

Hatua ya 9: Kata filta

Vyovyote ulivyoamua, badilisha oili, na filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa msumeno, fungua karatasi, ikamue, itandaze juani na pitisha sumaku. Vinavyonaswa ni chuma: ringi, silinda, kemshafti. Visivyonaswa vyenye rangi ya fedha au ya shaba mara nyingi ndivyo vya beringi, na ukiviona vingi kiasi cha kuokota kwa kucha, pikapu isiwashwe tena, ivutwe hadi gereji na sampu ishushwe.