Kabla hujaandika wasia: fungu la kila mtu linajulikana, mali ndiyo haijulikani

Barazani kwetu Wete, mirathi ikitajwa tu, watu huanza kubishana fungu la mke ni ngapi na la binti ni ngapi, kana kwamba huko ndiko ugomvi unakotokea. Mafungu yamo ndani ya Suratun Nisaa na Kadhi anayajua kuliko sote. Ugomvi niliouona mimi, kwetu na kwa majirani, ulikuwa juu ya swali jengine: hii nyumba hasa ni ya nani? Basi kabla hujamlipa mwanasheria akuandikie wasia, kaa na daftari jioni mbili tatu, ulijibu swali hilo kwa kila kitu ulichonacho.

Anza na nyumba. Baba ana kiwanja, mtoto yuko Maskati anatuma pesa. Msingi ni wa baba, kuta wamesaidiana, bati na milango na umeme ni jasho la mtoto, na kila anayepita anaambiwa "nyumba ya baba" kwa sababu ndiyo adabu. Siku baba akifariki, zile pesa zilikuwa nini? Zikiwa zawadi, nyumba yote ni tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, na inaingia kwenye mgao. Zikiwa mkopo, ni deni, linalipwa kabla mrithi hajashika kitu. Ukiwa ni ushirika, sehemu ya mtoto haimo kwenye mirathi hata kidogo. Majibu matatu, na kila moja linampa dada mtu kiasi tofauti. Ukurasa mmoja wenye saini ya baba, ya mtoto na ya mashahidi wawili ungelimaliza jambo hili ndani ya nusu saa. Lakini kuandikishana na mzazi tunaona haya. Nawajua ndugu wa baba mmoja ambao hata Idi mosi hawapeani mkono kwa sababu ya haya hiyo. Basi angalau risiti za saruji na mabati zihifadhi, na ujumbe wa pesa zilizotumwa usiufute kwenye simu.

Shamba lina hesabu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia, na miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi iliyosimama juu yake. Kwa hiyo kuandika "shamba langu" hakutoshi. Andika mikarafuu mingapi, minazi mingapi, umepakana na nani, na ipi imewekwa rahani. Hiyo rahani itie mstari chini. Tulikuwa hatujamaliza khitma ya ami yangu alipotokea mtu akasema mikarafuu ya upande wa bondeni iko kwake kwa pesa alizotoa miaka mingi nyuma. Pengine alisema kweli. Aliyejua alikuwa ameshazikwa. Na kama shamba lako ni katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, chukua karatasi yake uende ofisi ya ardhi ukaulize hali yake kabla hujaliandika popote.

Halafu kuna nyumba ya bibi ambayo haikugawiwa tangu afariki. Sehemu yako mle ndani unayo, lakini si yote, hata kama ni wewe unayeikaa na kuitia chokaa. Wenye ilimu ya faraidh, yaani ya kugawa mirathi, huita munasakha: mrithi amekufa kabla ya kugawiwa, na warithi wake wameingia mahali pake. Waandike waliokufa kwa mpango wa nani alitangulia, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Ukiweza kuigawa sasa, igawe sasa.

Madeni usiyaonee aibu. Gharama za mazishi hutoka mwanzo, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi. Mahari ambayo hujamlipa mkeo ni deni kama deni la dukani, na yeye halipotezi kwa kuwa ni mrithi pia.

Wasia wenyewe, kwa Muislamu, hauzidi thuluthi, na haumwendei mrithi ila warithi wenzake waridhie. Wengi wakisikia hivyo husema, sasa una faida gani? Faida yake kubwa ni mjukuu yatima. Chukua mtu ambaye wazazi wake hawapo, ana mke, wana wawili, binti mmoja, na mjukuu, mtoto wa mwanawe aliyekwisha kufa. Madeni yameshatoka, zimebaki shilingi milioni 60. Mjukuu yule hapati kitu, ami zake wamemzuia. Lakini babu akimuusia thuluthi, anapata milioni 20. Katika 40 zinazobaki mke anachukua thumuni, yaani moja ya nane, milioni 5, kila mwana 14, binti 7. Mtoto wa kulea naye ni hivyo hivyo, bila ya wasia hana fungu. Ukitaka kumpa mtu kitu kwa hiba, yaani zawadi, basi mkabidhi ungali hai. Nyumba "uliyompa" huku funguo na kodi unachukua wewe itakuja kubishaniwa.

Karatasi za watu nazo zitazame. Jina la kitambulisho lifanane na la cheti cha kuzaliwa na la hati ya kiwanja, maana Juma wa huku na Jumaa wa kule watakusumbua mahakamani. Uliyemwacha, mpe talaka yake kwa maandishi yenye tarehe. Nimeshaona wanawake wawili wakikaa eda ya mtu mmoja, na mmoja ndugu wakiapa kuwa aliachwa zamani. Na ile fomu ya kazini uliyoandika jina la wa kupokea mafao yako kabla hujaoa, nenda ukaiangalie.

Ukishakuwa na daftari hilo, mashauriano yanakuwa mafupi na rahisi. Mahakama ya Kadhi husikiliza mirathi ya Waislamu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina watu wa kupiga hesabu na kusimamia mgao. Asiye Muislamu njia yake ni mahakama za kawaida. Asiye na pesa ya wakili amuulize sheha wa mtaa wake ni nani msaidizi wa sheria wa karibu, au aende Kituo cha Huduma za Sheria, au kwa wanasheria wanawake wa ZAFELA.

Mwisho, mahali pa kuweka. Wajue watu wawili, si mmoja. Bibi yetu aliweka hati zake ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati, akamwambia dada yake tu, na dada yake akatangulia. Tuliukuta mkebe miezi saba baada ya mazishi, tukitafuta mkasi.